Je, Wazo Usilolitaka ni Dhambi?



Liko jambo ambalo wengi wetu hulibeba kimya. Mama anamwogesha mtoto wake, ghafla linamjia wazo: mzamishe. Anashtuka, maana anampenda kuliko nafsi yake. Mwingine yuko katikati ya maombi, na tusi juu ya Mungu linampita kichwani. Anakemea, anafunga, anatubu mara kumi kwa siku. Wazo linarudi.

Wako wanaosema upesi kwamba ana pepo, au kwamba moyo wake umefichua siri. Hapo tunamwonea. Katika Mathayo 5 Bwana anamhukumu atazamaye kwa kutamani. Mama huyu hatamani, anachukia. Tena katika Mathayo 4 Bwana mwenyewe alisikia maneno ya mjaribu, na kuyasikia hakukuwa dhambi.

John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyekaa gerezani miaka 12 hivi kwa ajili ya kuhubiri, aliteswa hivyo hivyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1666, akiwa bado kifungoni, alieleza jinsi wazo la kumuuza Kristo lilivyomfuata akila, hata akipasua kuni, naye akawa anasukuma kwa mikono na viwiko kama anayemfukuza mtu. Baadaye, katika kile kitabu cha safari ya Mkristo cha mwaka 1678, msafiri ananong'onezewa makufuru kwa nyuma, naye anadhani yametoka moyoni mwake.

Mwaka 1978 wataalamu Rachman na de Silva walionyesha kwamba hata watu wazima wa afya hupatwa na mawazo ya namna hii. Wao huyaacha yapite. Mwaka 1987 Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na baadaye walimfikiria zaidi. (Nawe jaribu kutofikiria maharage siku mgao umechelewa!)

Kwa hiyo vita yenyewe hulilisha wazo. Hata yule anayemwuliza mchungaji kila siku, "Je, nimesamehewa?", hupata nafuu ya saa moja tu, kisha huuliza tena. Mchungaji amjibu mara moja kwa upendo, halafu amsaidie kukaa bila kuuliza.

Kama mawazo yanakula saa nyingi, au mama ameanza kuogopa kumshika mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika, msindikizeni zahanati. Lakini anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeanza kuona tendo hilo ni jema, asiachwe peke yake na mtoto. Apelekwe siku hiyo hiyo.