Tuandike Ngapi?

Watu wanapouziana nyumba hapa Gisenyi, kuna swali ambalo mara nyingine huulizwa kwa sauti ya chini: "Tuandike ngapi?" Bei wanaijua, wamekwisha kukubaliana. Wanachotafuta ni bei ya pili, ya kumwonyesha notari, iwe ndogo ili na kodi iwe ndogo. Tofauti italipwa mkono kwa mkono.

Naliandikia swali hili kwa kuwa limeingia kwetu. Nyumba aliyoiacha babu kule Mbugangari, yenye vyumba vya kupangisha, inauzwa, na baba mkubwa amenipa mimi kazi ya kuandaa mkataba kwa sababu nasoma uhasibu. Mnunuzi amependekeza bei mbili. Jamaa wengi hawaoni ubaya.

Tuanze na sheria. Sheria namba 48 ya Septemba 2023, inayohusu vyanzo vya mapato ya serikali za mitaa, imeweka kodi ya kuuza mali isiyohamishika. Muuzaji aliyesajiliwa kwa kodi ya mapato hulipa asilimia 2. Asiyesajiliwa hulipa asilimia 2.5. Baadhi ya wenzangu hutania kwamba basi hiyo ni zaka tu. Namba ni ileile, lakini fiqhi huhesabu vingine. Kwa rai ya wanazuoni wengi, nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe. Hutolewa fedha za pango zikifika nisabu na kubaki mkononi mpaka mwaka uzunguke. Nyumba iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa, nayo ina zaka kila mwaka. Fiqhi inauliza ulinunua kwa nia gani. Sheria yetu inauliza kama umesajiliwa.

Wanaolalamika wana hoja, na sipendi tuipuuze. Kodi ya mapato ya pango inatambua gharama: nusu ya pango la mwaka huondolewa kama matumizi, kisha katika kinachobaki faranga 180,000 za kwanza hazitozwi, kinachofuata hadi milioni moja hutozwa asilimia 20, na cha juu yake asilimia 30. Kodi ya kuuza haifanyi hivyo. Inaangalia bei, haiangalii faida. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi hapa Rubavu. Aliyekopa akajenga upya kuta, kisha akauza kwa hasara, anatozwa kwa kiwango kilekile na aliyenunua kwa bei ya chini zamani akauza kwa faida kubwa. Kwa maoni yangu hilo ni kosa katika sheria.

Kutokana na kosa hilo wengine huruka mpaka kwenye neno maks, ule ushuru wa dhulma uliolaaniwa, wakasema kuukwepa ni halali. Hapo siwafuati. Al-Ghazali na baada yake al-Shatibi walikubali kwamba mtawala anaweza kuwatoza watu zaidi ya zaka ikiwa hazina haitoshi na haja ni ya kweli. Waliweka masharti, na tuna haki ya kuuliza kama masharti yametimia. Lakini tuseme hayakutimia, tuseme kodi hii yote ni dhulma. Je, hapo mkataba wa uongo unakuwa safi?

Naona hausafiki, na sababu yangu haihusu serikali sana. Uongo ulioandikwa hauna anwani moja. Sisi tunakusudia umfikie mtoza kodi peke yake, lakini karatasi ileile inasomwa na kila mtu. Shangazi yangu ameolewa Goma na hakuwepo kwenye mazungumzo. Siku akitaka kujua fungu lake ni la bei gani, ushahidi wake ni mkataba. Tutamwambia kwa mdomo kwamba bei ya kweli ni kubwa zaidi, sawa. Na baba mkubwa akifariki kabla ya mgao, nani atamwambia? Ndugu wangapi wamegombana kwa urithi huku kila mmoja akiapa? Na mnunuzi akichelewesha ile tofauti, tutamdai kwa hati ipi? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya al-Baqara, inahusu kuandika deni, na inamkataza mdaiwa kupunguza chochote anapoyatamka maandishi hayo. Naye mnunuzi, mauzo yakibatilishwa mahakamani, atajikuta anadai milioni alizozikana kwa saini yake.

Kenya wanalionja jambo hili kwa njia nyingine. Kule hutozwa faida, na kiwango kilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Aliyekubali bei ndogo iandikwe aliponunua huonekana ana faida kubwa siku anapouza, akalipia hata fedha alizozitoa mfukoni mwake. Kuna msamaha kwa makazi ya mtu binafsi aliyeyakaa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Nyumba ya kupangisha haimo.

Nimemwambia baba mkubwa kwamba nitaandika bei itakayolipwa, na kama hataki, amtafute mwandishi mwingine. Hajanijibu. Mama anasema nimemkosea adabu mtu mzima, na hilo tutalizungumza na kuombana radhi, lakini bei ni jambo jingine. Nyumba ikiuzwa milioni 40, kodi hii haizidi milioni moja. Warithi wanaweza kuibeba kila mmoja kwa fungu lake, au kumwomba mnunuzi achangie waziwazi, naye ana hiari ya kukataa.