Je, Kutazama Uzuri wa Miti ni Kupoteza Wakati?

Laulizwa mara kwa mara katika darsa zetu swali hili: Je, Mwislamu ana ruhusa ya kutoa saa yake nzima kutazama miti, au saa hiyo itahesabiwa katika jumla ya umri uliopotea? Swali si dogo kama lionekanavyo, kwani ndani yake mna jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni: Starehe isiyolipiwa, je, ni ya bure kweli?

Na tuchukue mfano wa Tokyo, mji ulio miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani. Katika bustani iitwayo Meiji Jingu Gaien mna njia yenye urefu wa mita 300 hivi, iliyopandwa miti 146 ya ginko kwa safu nne. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, majani ya miti hiyo hugeuka yote rangi ya dhahabu, kisha hupukutika, njia ikawa kama iliyotandikwa zulia. Watu huja makundi kwa makundi, tajiri na maskini, mzee na mtoto, wala hapana atozwaye kiingilio.

Sababu ya mageuko hayo yajulikana. Mchana ufupikapo na baridi iingiapo, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo kwayo hujipatia chakula kutokana na nuru ya jua. Kijani kiondokapo, manjano huonekana. Wala si kitu kipya, bali yalikuwamo ndani ya jani siku zote, yamefunikwa tu. Na kabla ya kuliangusha jani, mti hurejesha mwilini mwake sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo, ili iufae majira yajayo. Sisi tulio karibu na Ikweta, mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima, ndiyo sababu majira hayo hatunayo.

Basi ayatazamaye haya akafikiri, hakupoteza wakati. Qurani yenyewe, katika Sura ya Azzumar aya ya 21, yatuelekeza kwenye mimea iotayo kwa mvua, ikawa ya rangi mbali mbali, kisha ikakauka na kugeuka manjano, na kuyafanya hayo kuwa ukumbusho kwa wenye akili. Lau starehe hiyo ingempitisha mtu wakati wa sala, au ingemsahaulisha watu wa nyumbani kwake, hapo ingekuwa upuuzi. Lakini kosa lingekuwa la mtu, si la mti.

Wala hatusemi mti utukuzwe kwa namna ya wale wafungao vitambaa na kufukiza ubani chini ya mibuyu, wakiomba wana na riziki. Bustani ile ya Tokyo ilijengwa kwa ukumbusho wa mfalme wao Meiji, lakini mwenye kutazama hafungwi na nia ya aliyejenga. Ustaajabu wa Muumini haukomi kwenye jani. Hupita ukaenda kwa Aliyeliumba.

Hata hivyo, twasema kuwa starehe hii si ya bure. Mbegu za miti ile zilikusanywa mwaka 1908 katika bustani nyingine ya Tokyo iitwayo Shinjuku Gyoen, zikakuzwa kitaluni, na miti ikapandwa njiani mwaka 1923, mwaka ule ule mji ulipopigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Leo yapita miaka 100. Hapana mtu akusanyaye mbegu ya mti kama huo kwa ajili ya macho yake peke yake. Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuwa Mwislamu apandapo mti, kila kiliwacho humo na mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka yake. Ikiwa tunda ni sadaka, sisi twaona kuwa kivuli na uzuri havikosi fungu lao.

Februari mwaka 2023 serikali ya mji wa Tokyo iliidhinisha mpango wa kuijenga upya sehemu ile, kwa viwanja vipya vya michezo na majumba marefu. Ilielezwa kuwa safu nne za ginko zitahifadhiwa, lakini miti mingine mingi ikatolewa kukatwa, na kazi hiyo ilianza Oktoba 2024. Wapinzani wakahofu kuwa uwanja mpya wa besiboli utaisogelea mno mizizi ya ginko. Mwanamuziki Ryuichi Sakamoto, akiwa mgonjwa wa saratani, alimwandikia gavana wa mji barua ya kupinga, akafariki Machi 2023. Macho aliyoyatetea yalikuwa ya watu wengine.

Atasema mtu: Mji wahitaji nyumba na kazi, na majani hayaliwi. Twajibu kuwa ni kweli. Lakini tajiri ana bustani nyuma ya ukuta wake, na maskini bustani yake ni njia ya watu wote. Mti wa hadharani ukatwapo, hasara hugawiwa wote, na faida hushikwa na wachache. Huo ni udhalimu, ujapopigwa muhuri.

Nasi Wakenya twayajua haya. Mwaka 1989 palipotakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mjini Nairobi, Profesa Wangari Maathai alisimama kulipinga. Alitukanwa sana, na jumba halikujengwa. Kila aketiye leo kwenye nyasi zile ana deni kwake.

Basi jawabu letu ni hili: kuutazama uzuri ni halali, na kwa mwenye kufikiri huwa ni ibada, lakini ni deni, nalo halilipwi kwa kusifu. Hulipwa kwa kupanda na kwa kulinda. Tuanze katika nyua za misikiti na madrasa zetu, ambazo nyingi zimesakafiwa saruji tupu: pawe na mwembe au mwarubaini mmoja, na mtu wa kuutia maji mpaka ushike. Huenda tusiukalie kivuli chake; wala hilo si sharti.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.