Mkopeshaji na Asimame Nje

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, Nehemia 5:1–13



Torati inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdaiwa. Umemkopesha jirani yako, umekwenda kuchukua rehani: utasimama nje. Yeye mwenyewe ataingia ndani, atachagua cha kukupa, atakuletea mlangoni. Hata kama deni ni la halali, hata kama siku zimepita, kizingiti chake hukivuki. Na mstari wa sita wa sura hiyohiyo unakataza jiwe la kusagia lisiwekwe rehani hata kidogo, maana anayelichukua amechukua uhai wa walio ndani ya nyumba ile.

Nawaambia leo kwamba mkopeshaji ameshaingia. Amepita sebuleni, amefika chumbani, analala chini ya mto wetu pamoja na simu. Na sisi kanisa tumenyamaza!

Sikilizeni anavyoingia. Ni saa tano usiku. Mama lishe amefunga hesabu za siku, hazikutosha. Kesho anatakiwa kununua mchele na mkaa, na sare ya mtoto haijapatikana. Kwenye simu linapita tangazo: pesa ndani ya dakika tano, bila dhamana. Anapakua programu. Inamwomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Anabonyeza "Ruhusu". Inaomba kusoma ujumbe wake. Ruhusu. Inaomba picha. Ruhusu. Ameomba laki moja. Zinazoingia ni pungufu, kwa kuwa ada imekatwa mapema, lakini anadaiwa laki kamili, na amepewa siku saba.

Waliomwambia haina dhamana walimdanganya. Dhamana ipo, nayo ni jina lake. Siku ya nane ujumbe unakwenda kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mwanawe, kwa mzee wa kanisa, kwa fundi bomba aliyempigia mara moja tu mwaka juzi: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Na picha yake imewekwa juu. Aliyekopa usiku bila hata mumewe kujua, asubuhi anaanikwa mbele ya ukoo mzima. Wako watu katika nchi hii waliokimbia nyumba zao kwa aibu ya namna hii. Wako walioacha kuja ibadani, nasi tukasema wamepoa kiroho!

Na yuko mwingine asiyehitaji programu yoyote. Huyu ana daftari na pikipiki, na mtaani mnaijua mikopo yake kwa jina la kausha damu. Chukueni mfano: unapewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Pigeni hesabu wenyewe, ni 130,000. Kwa mwezi usiotimia ameweka juu asilimia 30, na wapo wanaozidisha hapo. Ukikosa marejesho ya siku mbili, wanakuja wakiwa wengi. Wanabeba cherehani, wanabeba mtungi wa gesi na jiko lake, wanabeba masufuria na hotipoti. Niambieni, mama lishe aliyenyang'anywa sufuria atalipa kwa kupika nini? Hilo ndilo jiwe la kusagia! Mungu aliliona miaka elfu kadhaa kabla ya cherehani ya kwanza kuundwa, akasema: hilo msiliguse.

Sasa fungueni Nehemia sura ya tano. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, adui wako nje wanatishia, na katikati ya kazi kinazuka kilio. Wanaolia si wageni. Ni Wayahudi wanaowalilia Wayahudi wenzao. Wengine wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme. Wengine wameona binti zao wakitiwa utumwani na hawana nguvu ya kuwakomboa. Nehemia anasikia, na Maandiko yanasema alikasirika sana. Aliwagombeza wakuu na mashehe, akaita kusanyiko kubwa, akawadai mbele ya watu warudishe mashamba, mizabibu, nyumba na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza.

Tazameni hiyo sehemu ya mia. Wafasiri wengi wanaielewa kuwa ni asilimia 1 kwa mwezi. Nehemia alisimamisha mji kwa ajili ya asilimia 1! Sisi tuna asilimia 30 milangoni mwetu na hatujasimamisha hata kikao cha kamati.

Msinisikie vibaya. Sikuja kuilaani simu. Wenye umri wa kukumbuka wanajua pesa ya matibabu ilivyokuwa ikisafiri: inatiwa katika bahasha, inakabidhiwa kwa dereva wa basi, na mzazi kule Sumbawanga anashinda stendi akiingoja. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu mwaka 2008, na tangu hapo kijana wa Kariakoo anamtumia bibi yake pesa kabla chai haijapoa. Hiyo ni baraka, tumshukuru Mungu kwayo. Lakini njia iliyoleta msaada wa mtoto ndiyo hiyohiyo aliyoingilia mkopeshaji, na kasi iliyotuokoa wakati wa msiba ndiyo inayotuzamisha usiku wa manane. Zamani aliyetaka kukopa alilazimika kumtazama mtu usoni. Alikwenda kwa jirani, kwa shangazi, kwa mwenye duka. Njiani alipata muda wa kufikiri, na alipofika aliulizwa: unazitakia nini, na utalipaje? Maswali yale yaliudhi, lakini yalimlinda. Leo hakuna anayeuliza.

Basi tujiulize wenyewe kwa nini tunakopa. Wengi mnakula mnachopata siku ile. Mvua ikinyesha mchana kutwa, bodaboda hana abiria na muuza mitumba hana mteja. Kwa hao sina lawama, nina machozi. Lakini yapo madeni tuliyoyatengeneza sisi. Umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa harusi, jina lako limeandikwa laki moja kabla hujasema neno, na kila jioni mweka hazina anabandika orodha ya waliolipa. Unakopa ili usiaibike. Kuna sendoff, kuna kipaimara, kuna sare ya kamati. Na vijana wangu, kuna mkeka wa kubeti unaochanika kila Jumamosi. Mnakopa mchezee, mnacheza mlipe. Acheni!

Na sisi wachungaji na wazee tusijifiche nyuma ya madhabahu. Tumegawa bahasha za ujenzi, tumesoma majina ya waliotimiza ahadi, tumewanyamazia wengine kwa namna ambayo kila mtu ameelewa. Ipo sadaka iliyofika mezani pa Bwana ikiwa na riba ya mkopeshaji mgongoni. Ndugu wazee, Bwana hajengewi nyumba kwa damu ya mjane!

Hata hilo halitoshi. Katika sura ile Nehemia anakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakiwakopesha watu, naye akajitaja wa kwanza katika kuacha riba. Wako wakopeshaji humu humu ndani. Wako waumini wanaokaa viti vya mbele, wenye daftari nyumbani na vijana wa kukusanyia, na Jumapili wanatoa fungu la kumi la faida. Kaka yangu, dada yangu, ninakusihi kwa jina la Yesu: rudisha cherehani ya watu. Usingoje mahakama. Rudisha kabla jua halijazama, kama Torati ilivyoagiza juu ya vazi la maskini.

Wala msidhani sheria ya nchi iko upande wao. Tangu mwaka 2018 tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Majina yaliyomo kwenye simu yako si mali ya mkopeshaji, na hakuna deni linalompa haki ya kukuanika kwa watu wako. Anayekutishia, hifadhi ujumbe wake, usiufute kwa hasira. Uupeleke polisi, uupeleke kwenye tume. Na usiende peke yako. Nenda na mzee wa kanisa.

Hapo ndipo nataka kuwafikisha. Mdaiwa wa Torati alikuwa na kizingiti kwa sababu jamii yote ilikubaliana kukilinda. Mjane aliyemlilia Elisha, katika 2 Wafalme sura ya 4, alipojiwa na mdai aliyetaka kuwachukua wanawe wawili, aliambiwa aende kwa majirani akaazime vyombo. Muujiza wa mafuta ulimiminwa katika vyombo vya jirani! Kama majirani wangefunga milango yao, mafuta yangekomea kwenye chupa moja.

Kwa hiyo, tufanye haya. Kila jumuiya ya nyumba kwa nyumba iwe na kikundi chake cha kuweka na kukopa. VICOBA mnavijua, hisa mnazijua, sanduku lenye funguo tatu mnalijua. Pawepo na mfuko wa dharura usio na riba kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Akina mama, vijana na wenye ulemavu wajiunge katika vikundi na kuomba fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa ajili yao kisheria, mikopo isiyo na riba; na walio na elimu wawasaidie kuandika maombi badala ya kuwacheka. Makundi ya michango yasimpangie mtu kiasi wala yasibandike orodha. Bahasha za kanisa zisisomwe majina. Na aliyezama katika deni aje aseme, leo, baada ya ibada ya kwanza au ya pili, ofisini kwa mchungaji. Atakuja na daftari lake, tutakaa naye, tutapiga hesabu pamoja, na siku mdai atakapofika atatukuta sisi mlangoni.

Nehemia hakuridhika na maneno ya wakuu. Aliwaapisha mbele ya makuhani, akakung'uta vazi lake, akasema Mungu na amkung'ute vivyo hivyo kila asiyetimiza ahadi hii. Kusanyiko zima likaitika Amina, kisha wakafanya walichoahidi. Wapendwa, Amina zetu ni nyingi mno na rahisi mno. Safari hii msiitike kama hamko tayari kurudisha, kuchangia, kusindikiza na kusimama mlangoni. Aliye tayari ainuke, aandike jina lake kwa katibu wa jumuiya yake kabla ya kutoka, ndipo aseme Amina.