Nabii Aliyetoa Ahadi Akaagiza na Dawa

Masomo: 2 Wafalme 20:1-8, Luka 13:10-17



Leo ninaungama kosa mbele yenu. Mama mmoja wa kundi letu alipasuliwa mgongo mbali na hapa, akarudi kwa ile barabara ya Uvira tunayoijua wote. Tulimpokea kwa nyimbo. Lakini maumivu ya kiuno yalipoendelea, tulianza kunong'ona: "Mbona bado anaumwa? Labda kuna dhambi iliyofichwa." Mimi mwenyewe nilimwita kwenye mkesha, apige magoti mpaka jogoo awike. Asubuhi alibebwa. Alilia, na zaidi ya maumivu alilia kwa haya. Tangu siku ile Neno hili linanihukumu.

Tazameni mfalme Hezekia. Nabii Isaya alimletea ahadi ya kupona na miaka 15 zaidi ya kuishi. Kisha kinywa kile kile kilichotoa ahadi kiliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Na mfalme aliambiwa kwamba siku ya tatu ndipo atapanda nyumbani mwa Bwana. Basi hata uponyaji wa nabii ulikuwa na dawa, tena ulikuwa na siku zake. Sisi ni nani tuwanyime wagonjwa wetu dawa na siku?

Papa Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa kule Nkamba mwaka 1921, na kanisa lililotoka katika kazi yake lilijenga hospitali Kinshasa. Maombi na hospitali havigombani.

Sikieni sasa. Kisu cha munganga kinaondoa kilichobana mshipa wa fahamu, lakini mshipa ulioumia hupona polepole, kwa majuma na hata miezi. Kuumwa bado si alama ya kukosa imani.

Kwa hiyo mgonjwa anywe dawa kwa saa alizoandikiwa, asingoje maumivu yamshinde. Asilale mchana kutwa. Atembee kidogo, kesho aongeze. Akiinuka kitandani, ajigeuze mwili wote ubavuni, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Asiiname, asijipinde, asinyanyue mzigo mpaka munganga amruhusu. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20: hiyo si yake. Moto kwenye mashimo si yake. Jembe na kuni si vyake. Na mtu asimkande kidonda, wala asimchanje chale, wala asimwekee majani ya moto.

Lakini akipata homa, kidonda kikitoa usaha, mguu ukilegea au kuvimba, mkojo ukizuia au kutoka wenyewe, au ganzi ikishika kati ya mapaja, msimpeleke kwanza kwenye mkesha. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na ninyi mwombe njiani.

Na yule mama wa Luka, aliyepindika miaka 18? Mkuu wa sinagogi alikuwa na sheria mkononi, lakini hakuwa na huruma. Bwana hakumuuliza mama yule dhambi yake. Alimwita, akamwekea mikono, akamwita binti wa Abrahamu mbele ya watu wote. Sisi tulisimama upande wa mkuu wa sinagogi.

Tunapashwa kutubu kwa matendo. Vijana wamchotee maji. Akina mama wamtwangie muhogo, wambebee mtoto. Akina papa wamtengenezee kiti cha choo, asichuchumae. Kanisani apewe kiti chenye egemeo, asimame akitaka, atembee akitaka, wala mtu asigeuze shingo kumtazama. Atakayeomba amekaa ameomba.

Mama yetu, unayesomewa barua hii nyumbani: utusamehe. Mungu hakuchoka nawe. Pona kwa siku zako.

Bwana awabariki. Amina.