Elimu ya Umeme na Haki ya Jirani

Wanavyuoni wa zamani, na Imamu Ghazali akiwa katika safu yao ya mbele, walipozipanga elimu kwa daraja zake waliitia tiba na hisabu katika faradhi ya kifaya, yaani yale mambo ambayo wakitokea watu wa kutosha wakayasimamia dhima huwaondokea wengine, na asipotokea hata mmoja mji mzima huandikiwa dhambi. Sidhani mtu wa insafu atanibishia nikisema kwamba elimu ya umeme leo imeingia kwa mlango huo huo. Kwani Afrika Kusini, ambayo katika mwaka 2023 iliishi kwa mgao wa umeme zaidi ya siku 300, imeona kwa macho yake yanayowafika wagonjwa, wenye maduka na watoto wa skuli pale kazi hiyo inapokosa wa kuisimamia sawasawa.

Kwa sababu hiyo sina ila pongezi kwa vijana wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, mjini Durban, waliotoka madarasani wakaenda kuunda gari liendalo kwa jua. Gari la mwaka 2012 waliliita iKlwa, jina la ule mkuki mfupi wa Wazulu. Lililofuata, la mwaka 2014, lilibeba jina la Hulamin, kampuni ya alumini ya Pietermaritzburg, na mwaka 2015 likavushwa bahari hadi Australia kushindana katika njia ya jangwani ya takriban kilomita 3,000 itokayo Darwin hadi Adelaide. Kanuni za mashindano yale ziliruhusu seli za silikoni za eneo la mita mraba 6 tu, na eneo hilo, hata jua liwe la utosi, halitoi nguvu ya kutosheleza birika moja la umeme jikoni. Na kwa nguvu hiyo haba mtu huketi ndani ya gari akasafiri. Asiyestaajabia hayo, sijui atastaajabia nini. Kazi ya namna hii haitimu kwa vitabu peke yake, bali humtaka mzoefu aliyezeekea kiwandani, ajuaye ni skrubu ipi hulegea kwa mtikisiko na ni waya upi hupata moto kabla ya wenzake, ambaye humtazama kijana akifunga, kisha humwambia neno moja: rudia.

Lakini mshauri atokaye kiwandani huja na swali lake mfukoni, na hapo ndipo penye mas'ala ninayotaka kuyachungua. Mwenye kulileta swali ndiye aliyelikata kwa kipimo chake, akaamua ni kipi kitahesabiwa na kipi kitaachwa nje ya hesabu, hata kijana anapokabidhiwa karatasi nusu ya hukumu imekwisha kupitishwa naye hayupo.

Chukua mfano: katika mtaa wa Clare Estate, mjini humo humo Durban, lipo jaa la taka la Bisasar Road, lililofunguliwa mwaka 1980 na watawala wa ubaguzi katikati ya makazi ya watu walioandikwa Wahindi. Taka zikioza chini ya udongo pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo ikiachwa ipae huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa. Na manispaa ya eThekwini, kwa ustadi usiokanika, ilichimba visima jaani, ikalaza mabomba, ikaivuta gesi ile na kuichoma katika injini za takriban megawati 6.5, baada ya megawati 1 ya jaa la Mariannhill lililotangulia, na hati za uchafuzi ulioepukwa zikatafutiwa wanunuzi ng'ambo. Swali lilikuwa zuri, na jibu lake zuri vilevile. Mkabala na jaa lile, hata hivyo, alikaa Sajida Khan, mwanamke aliyekusanya sahihi za maelfu ya majirani kutaka lifungwe, na ambaye hakuuchukia umeme hata kidogo, ila alihofu kwamba jaa likisha kuwa chemchemi ya fedha halitapata tena wa kulifunga. Kwa hoja zake Benki ya Dunia, iliyokuwa imeukumbatia mradi, ikajitenga na Bisasar. Alifariki kwa saratani Julai 2007, akiamini kuwa maradhi yale yalimjia kutoka ng'ambo ya barabara, na injini zikawashwa baada yake.

Wala majirani hawakuwa na kauli moja. Katika vibanda vya Kennedy Road, vilivyopakana na jaa, walikuwako waliookota riziki yao katika taka zile na kutumaini ajira kutoka mradini. Na hao, kwa kuwa mwaka 2001 manispaa ilisimamisha kazi ya kuviunganishia vibanda umeme, walikaa kwa mishumaa na mafuta ya taa, na moto ukawateketezea nyumba, ilhali umeme ukizaliwa karibu na milango yao. Mpe mwanafunzi hodari kazi ya kukadiria gesi ya jaa lile, naye ataikadiria barabara na kupata alama zote, asijue kwamba Sajida Khan alipata kuishi.

Atasema msomaji kwamba kijana sharti kwanza ajifunze kujibu, na kuhoji kutakuja na umri. Hoja hii ina uzito, lakini naona tabia hujengwa katika miaka hiyo hiyo ya kujifunza, na aliyezoeshwa kutouliza swali limetoka wapi hataamka siku moja na mazoea mengine. Mtume wetu alijikinga kwa Mola na elimu isiyonufaisha; nasi aghalabu huifahamu elimu hiyo kuwa ni ya upuuzi au ya uchawi, tukaisahau ile inayonufaisha mbali na kudhuru karibu, ambayo ni ya hatari zaidi kwa kuwa mwenyewe hupewa nishani kwayo.

Nawaomba basi walimu wa Durban, na wenzao wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, wanapoandikiana mapatano na viwanda, watie sharti moja zaidi: kabla ya mchoro wa kwanza wanafunzi waende wakaketi barazani kwa watu watakaopitiwa na bomba, waya au moshi, na siku ya mtihani mmoja wa watu hao akae meza moja na mhandisi, awe na alama zake za kutoa au kunyima.