Kilo za Bakshishi

Tuseme kaskazi imetulia, boti imetoka Watamu alfajiri, na saa nne asubuhi mshipi wa kushoto unalia. Ni sulisuli. Mgeni anavutana naye mpaka samaki anafika ubavuni, tanga lote amelikunjua, buluu inamwaka mgongoni. Baharia anampiga tagi, alama yenye namba, kando ya pezi la mgongo, mbali na kichwa, anakata mshipi, samaki anazama zake. Inabaki kadi: tarehe, mahali, aina ya samaki, namba ya tagi, urefu, uzito.

"Wampa ngapi?" nahodha anauliza.

"Ishirini na tano, kapteni. Ikizidi, sita."

Nahodha anamtazama mgeni anavyofuta jasho huku akicheka. "Andika thelathini na tano."

Mgeni anafurahi, bakshishi inanona, samaki yu hai. Utadhani hapana aliyedhulumiwa.

Boti hii ni ya mfano, ila mchezo huu upo, na madhara yake ni makubwa. Tuendelee basi. Mwaka mmoja na ushei ukapita, sulisuli yuleyule akanaswa kwenye jarife mbali kaskazini. Mvuvi mwaminifu akairudisha tagi pamoja na uzito aliousoma kwenye mizani: kilo 30. Samaki amekula, amekua. Lakini kadi yasema aliachiwa akiwa na kilo 35, kwa hiyo karatasini amepungua kilo 5. Njia ya mwongo ni fupi. Mtafiti hana budi kuutupa uzito ule, au auamini na kuziharibu hesabu za samaki wengine. Na tagi zinazorudi ni chache mno kuliko zinazopigwa. Kila moja ni ya thamani.

Tangu mwaka 1954, mtafiti Frank Mather wa Woods Hole, Marekani, alipoanza kuwashirikisha wavuvi wa michezo katika kazi ya kupiga tagi, elimu kubwa kuhusu safari na ukuaji wa samaki hawa imetoka mikononi mwa mabaharia. Wakiandika ovyo, elimu nayo inakuwa ovyo.

Hata asiyekusudia uongo hukosea. Samaki aliyekunjua tanga huonekana mkubwa kuliko alivyo, na maji hulihadaa jicho. Halafu kosa dogo la kipimo huzaa kosa kubwa la uzito. Wavuvi wana kanuni yao ya zamani: urefu zidisha kwa mzunguko wa mwili pale aliponenepa, zidisha tena kwa mzunguko uleule, kisha gawanya kwa 800, ukitumia inchi na ratili. Kwa sentimita na kilo, gawanya kwa takriban 28,900. Sulisuli wa sentimita 180 mwenye mzunguko wa 65 anapata kilo 26. Mkisie mzunguko wa 75, na amefika 35. Sentimita 10 tu za kukisia zimeongeza kilo 9, kwa sababu mzunguko huhesabiwa mara mbili.

Basi ushike urefu, maana ndio unaopimika samaki akiwa majini. Pima kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia. Usianzie kwenye ncha ya mdomo mrefu wa juu, kwani huo huvunjika. Kipimo hichohicho ndicho kilichotumiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilipoamua mwaka 2018 kwamba nduwaro na sulisuli wasiofika sentimita 60 wasibakizwe chomboni. Andaa kamba yenye alama kabla ya kuondoka bandarini. Samaki akifika, boti iendelee kwenda mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake, na kamba ilazwe sambamba naye. Usimpandishe sitahani kwa ajili ya kipimo wala picha: nje ya maji hapumui, na samaki aliyekufa saa moja baada ya kuachiwa ni tagi iliyopotea na samaki aliyepotea.

Kwenye kadi, onyesha kama urefu umepimwa au umekisiwa. Ukiukisia uzito, usikisie peke yako: baharia na nahodha kila mmoja ataje wake kabla ya kusikia wa mwenzake, na mgeni asiulizwe. Baharia akitaja 25, nahodha asimzibe mdomo kwa cheo. Baharia ndiye aliyemshika samaki.

Mgeni anayetaka sifa apewe urefu uliopimwa mbele ya macho yake. Huo atausimulia popote bila kupingwa. Na pasipo uhakika wa uzito, nafasi yake iachwe wazi. Mtafiti akipewa urefu wa kweli ataukadiria uzito mwenyewe. Akipewa kilo za kumfurahisha mgeni, hana pa kuanzia.