Mkono Uvunjao na Mkono Ukatao

Asumini isiyopunguzwa huzeeka vibaya. Matawi hufumana, chini hukauka, na maua huchanua juu kabisa, mkono usikofika. Anayetaka ya kutungia kikuba jioni huambulia machache. Kwa hiyo wanawake wengi hapa Jadida, mjini Wete, kaskazi inapokaribia kwisha na masika hayajashika, huikata asumini mpaka mpita njia akaona imeonewa. Haijaonewa. Ncha ya tawi huyazuia macho ya chini yasiamke. Ukiiondoa, mvua ya kwanza ikianguka macho yale huchipua, na maua ya asumini hukaa kwenye machipukizi mapya. Ndugu zetu walioko Uingereza huyafanyia mawaridi vivyo hivyo mwezi wa Februari au Machi, baridi inapoanza kulegea na mti bado umelala.

Kwenye asumini, basi, hatuna woga. Woga wetu uko kwenye mkarafuu.

Mkarafuu haukatwi kama asumini. Karafuu hutoka kwenye ncha za vitawi, kwa hiyo anayefyeka ncha anafyeka mavuno yake. Kinachotakiwa kuondolewa ni kilichokufa, kinachougua na kilichovunjika. Ni kazi ndogo, lakini shamba baada ya shamba utakuta matawi makavu yamesimama mwaka wa pili na wa tatu. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia anauonea mti huruma.

Huruma hiyo huwa wapi msimu ukifika? Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika. Mchumaji hulivuta kwa kigoe, au hulielemea kwa uzito wake wote, nalo huchanika na kuondoka na ganda la shina. Nimewahi kusimama chini ya mti uliochumwa hivyo: kidonda kirefu kama mkono, kingo zake nyuzinyuzi, na mti ungali umejaa majani kana kwamba hakuna lililotokea. Lililotokea huonekana baadaye. Kuvu wa ugonjwa wa kufa matawi huingilia penye vidonda vya namna hii, na ukilipasua tawi lililoshikwa utaona mti wa ndani umegeuka rangi, wekundu wa kahawia unaoteremka kuelekea shinani.

Alex Shigo, mtaalamu wa Marekani aliyepasua maelfu ya magogo ili aone ndani yake, alionyesha kwamba jeraha la mti haliponi kama la ngozi yetu. Mti hulizungushia ukuta, kisha huotesha tabaka jipya la mti juu yake. Jeraha lenyewe hubaki ndani maisha yote. Palipokatwa kwa msumeno mkali, nje kidogo ya uvimbe ambapo tawi hukutana na shina, ukuta huo hujengeka vyema. Palipochanika, mti huhangaika kufunga na mara nyingi hushindwa.

Basi mkono uleule unaovunja bila kufikiri wakati wa pupa hutetemeka unapotakiwa kukata kwa utulivu. Naiona tabia hii hata majumbani. Mtoto tunamwacha na lake miaka na miaka kwa jina la mapenzi, halafu siku moja ya hasira tunamvunja mbele za watu kwa neno asilolisahau. Neno dogo la mapema, lililosemwa faraghani, ndilo tulilodhani ni ukali.

Mikarafuu hii si yetu peke yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Wengi tunachuma tusichokipanda, kwenye mti uliomgharimu mwingine miaka sita, saba au zaidi ya kungoja kabla hajaona karafuu.

Lawama simtupii mchumaji. Yeye hulipwa kwa kipimo cha alichochuma, na hakuna amlipaye kwa tawi alilolinusuru. Mwenye shamba ndiye wa kubadili hesabu: atenge ujira wa mpogoaji tangu siku ya kupanga ujira wa wachumaji, na msumeno upande shambani mara baada ya majamvi ya kuanikia kukunjwa, kabla fedha za karafuu hazijaingia kwenye harusi na mabati.